Bibi alisema "mimi nilikuwepo": je, kituo ndicho kilichoiua tamthilia yake?

Swali:

"Shikamoo Mwalimu. Kuanzia 2004 hadi 2012 nilikuwa Massachusetts, Marekani, kazi yangu kumtunza bibi mmoja mzee nyumbani kwake. Jumatatu hadi Ijumaa, saa saba mchana, tulikaa pamoja kutazama All My Children. Yeye aliifuata tangu ilipoanza mwaka 1970, na mimi Kiingereza changu nilikinolea pale pale kwenye kochi lake. Mwaka 2006 tamthilia ikasema ile mimba aliyoitoa Erica, mhusika wake mkuu, zamani kumbe haikupotea, mtoto yu hai na ameshakuwa mtu mzima. Bibi alizima TV, akasema, 'Uongo. Mimi nilikuwepo.' Wiki nzima hatukuiwasha. Mwaka 2011 ABC, kituo cha televisheni kilichoirusha, kikaifuta tamthilia. Bibi akawa anasema wameiua makusudi: waliiharibu kwanza ili watu waondoke, kisha wakasema watu wameondoka. Aliandika barua mbili, hakujibiwa. Alifariki 2012. Binti yake alinipa katoni la kanda 14 za video alizorekodi Bibi, zimeandikwa kwa mkono wake. Sasa nimerudi Tanga, katoni liko juu ya kabati. Juzi nimelifungua, kanda tatu zina kama unga mweupe ndani. Je, Bibi alisema kweli? Kanda nizifanyeje, nizianike juani? Na yule aliyepigwa risasi mwishoni kabisa alikuwa nani? Bibi aliamini ni Erica."

Jibu:

Marahaba mwanangu, na pole kwa Bibi. Naanza na lisilosubiri: usizianike juani, na usiingize hata moja kwenye deki. Zishushe leo kutoka juu ya kabati, maana huko ndiko joto la nyumba ya bati linakokusanyika. Zile tatu zenye unga uzitenge na nyingine, kwenye mfuko wake. Ukishafanya hivyo, keti tuzungumze.

Bibi alifunga mambo mawili kwa kamba moja. La kwanza ni kituo kuingilia stori, la pili ni kituo kuifuta tamthilia. Niliyeshinda miaka mingi katika kuhariri miswada ya tamthilia, nakwambia la kwanza ni kweli tupu. La pili lina maelezo mengine, na nitakupa hesabu yake uipime mwenyewe.

Wapenzi wa tamthilia za mchana za Marekani wakikumbushana vipindi vyao, huongea kana kwamba zamani mwandishi aliandika atakalo, kisha siku moja wakubwa wa kituo wakavamia. Haikuwa hivyo. Tamthilia hizi zilizaliwa redioni miaka ya 1930, mikononi mwa watengeneza sabuni, ndiyo maana Wamarekani hadi leo wanaziita tamthilia za sabuni. Kampuni ya Procter & Gamble haikuishia kununua matangazo. Ilikuwa na tamthilia zake yenyewe, ikawalipa waandishi na waigizaji. Aliyelipa alikuwa na kauli tangu siku ya kwanza.

Agnes Nixon, mama huyu huyu aliyekuja kuitunga All My Children, mwaka 1962 alikuwa akiandika tamthilia ya Guiding Light iliyorushwa na kituo cha CBS. Rafiki yake alikuwa amefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi. Nixon akataka mhusika Bert Bauer apimwe, ugonjwa ugundulike mapema na atibiwe apone, ili mwanamke aliyeko nyumbani anapiga pasi ajue kwamba kuna kipimo. Kituo na mdhamini wakakubali kwa sharti: neno saratani lisitamkwe, wala jina la kiungo chenyewe. Akaiandika stori nzima akiyakwepa maneno hayo, na wanawake wakaelewa kila kitu.

Kizuizi kile kilikuwa cha kijinga na cha hatari, lakini stori iliishi, kwa sababu kiligusa maneno na si matukio. Bert aliugua, Bert alipona, na miaka yote iliyofuata hakuna aliyekuja kumwambia mtazamaji kwamba hakuugua. Shika tofauti hiyo, ndiyo itakayotufikisha kwa Erica.

Umiliki nao una sehemu yake. Muswada wa mwanzo wa All My Children Nixon aliuandika katikati ya miaka ya 1960, Procter & Gamble wakaushika kisha wakauachia. ABC wakaupokea, ikaanza kurushwa tarehe 5 Januari 1970, nusu saa kwa siku. Mwaka 1975 Nixon akaiuza kwa ABC, na 1977 ikawa ya saa nzima. Alibaki na heshima na ushawishi kwa miaka mingi, ila tangu 1975 mwenye nyumba alikuwa kituo. Kwenye tamthilia ya mdhamini, kituo kikitaka jambo hukuta mtu wa pili mezani wa kubishana naye. Kituo kinachomiliki tamthilia yake hakina wa kubishana naye zaidi ya mwajiriwa wake.

Sasa nikueleze ubishi wenyewe ulivyo, maana watu hudhani kuingilia ni mtu kupiga simu na kusema "mwueni fulani". Tamthilia ya mchana hutoa vipindi vitano kwa wiki, mwaka mzima, hakuna msimu wa kupumzika. Mwandishi mkuu hupanga stori ya miezi kadhaa mbele na kituo huisoma na kuipitisha. Timu yake huigawa siku kwa siku, tukio kwa tukio. Wengine huandika mazungumzo, mhariri hupitia, na wiki kadhaa baadaye inarekodiwa. Kituo kikiingia mwanzoni, kwenye mpango, ni mashauriano ya kawaida, na mara nyingine yanasaidia. Ubaya huja kinapoingia mwishoni, baada ya kuona takwimu za juma lililopita. Miswada ya vipindi ishirini imekwisha andikwa, anakuja mtu anasema wale wawili wasioane. Unafumua nusu na kuiacha nusu. Mtazamaji anaona Jumatatu mtu anampenda mwenzake, Alhamisi hamtaki, na Jumanne wala Jumatano hakikutokea kitu. Hapo ndipo mashabiki husema "hii si stori, hii ni amri ya kituo", na mara nyingi hawakosei.

Nimelionja hilo hapa kwetu. Tulikuwa na mhusika, mama muuza samaki, umri wake hamsini na ushei. Kituo kilichokuwa kinatulipa kikasema watazamaji wake ni vijana, mama yule apunguzwe. Tukampandisha basi la Mwanza kwenda kumwona dada yake. Tulikuwa na siku mbili za kuandika, hatukumpa hata nafasi ya kumuaga mwanawe kwenye kamera. Wiki kadhaa baadaye akaja mtu mlangoni, mzee wa makamo, akauliza kwa upole kabisa kama mama amefika salama. Sikuwa na jibu la kumpa, na bado linaniuma.

Turudi kwa Erica Kane. Mwaka 1973, mwaka ule ule Mahakama ya Juu ya Marekani ilipohalalisha utoaji mimba, Erica, wakati huo mke wa daktari Jeff Martin, alitoa mimba kwa siri kwa sababu alitaka kazi ya uanamitindo. Mara nyingi hutajwa kuwa ndiyo mimba ya kwanza kutolewa kisheria katika tamthilia za mchana za nchi ile. Nchi ilikuwa imegawanyika juu ya jambo hilo na mpaka leo imegawanyika. Mtazamaji aliyemwona Erica amekosea na mtazamaji aliyemwona ana haki walikubaliana juu ya kitu kimoja tu: lilitokea. Bibi alilibeba tukio hilo miaka thelathini na kitu. Kila Erica alipogombana na mabinti zake, Bibi alikuwa na 1973 kichwani, na waandishi walikuwa wakiitegemea kumbukumbu hiyo bila hata kuitaja.

Kisha anatokea Josh Madden. Inaelezwa kwamba daktari aliyemhudumia Erica aliichukua mimba ile akaipandikiza kwa mke wake mwenyewe, na kijana huyu ndiye. Mbali na kwamba utabibu wa 1973 haukuwa na uwezo wa kitu kama hicho, kosa lenyewe ni kwamba tamthilia ilimgeuka shahidi wake. Mchoro kwenye ukuta ukipakwa rangi upya, aliyeuona wa zamani atanuna tu. Lakini ukimwambia mtu kwamba alichokiona hakukiona, umemfukuza sebuleni mwake. Bibi hakusema "stori mbaya". Alisema "mimi nilikuwepo". Katika miaka yangu yote ya kazi hii sijasikia mtu akilieleza kosa lile kwa ufupi kiasi hicho.

Aliyeamua nani? Mashabiki wengine humtaja mwandishi mkuu wa wakati ule, wengine hukilaumu kituo. Ninachoweza kusimama nacho ni hiki: tamthilia ilikuwa mali ya ABC, na stori ya uzito huo haifiki kwenye kamera bila mwenye mali kuikubali. Kwa hiyo hapo Bibi alikuwa sahihi kukielekezea kidole.

Sasa la kufutwa. Tarehe 14 Aprili 2011 ABC ilitangaza kuziondoa kwa pamoja All My Children na One Life to Live, ambayo nayo Nixon ndiye aliyeitunga, mwaka 1968. Bibi alisema ni makusudi. Mimi siamini hivyo, na sababu yangu kubwa haiko ABC. Tazama kwa jirani. Guiding Light, iliyoanza redioni 1937 na kuingia televisheni 1952, ilifutwa na CBS Septemba 2009. As the World Turns, iliyoanza 1956, ikafuata Septemba 2010. Hizo zilikuwa mali ya Procter & Gamble, kituo kingine, wakubwa wengine, waandishi wengine, na zikafa ndani ya miaka hiyo hiyo. Nyumba mbili zikiungua usiku mmoja katika mtaa mmoja, kabla ya kumsaka mchomaji angalia upepo unatoka wapi.

Upepo ulikuwa huu. Mwaka 1981, harusi ya Luke na Laura katika General Hospital, tamthilia nyingine ya mchana ya ABC, ilitazamwa na watu wapatao milioni 30, mchana kweupe siku za kazi. Baada ya hapo wanawake wengi zaidi wakaenda kazini, nyumba zikapata chaneli kwa makumi badala ya tatu, na mwaka 1995 kesi ya mauaji ya O. J. Simpson, mchezaji mashuhuri wa zamani, iliyorushwa moja kwa moja, ilizisukuma tamthilia pembeni siku baada ya siku hadi wengine wakapoteza mazoea ya kurudi. Na mazoea ndiyo mtaji wote wa kipindi cha kila siku. Wakati huo gharama hazikushuka kwa kasi hiyo: waigizaji wengi, seti nyingi, vipindi zaidi ya mia mbili kwa mwaka. Kipindi cha watu watano wanaoongea na kupika mbele ya kamera ni nafuu mno. Ndicho kilichochukua nafasi ya All My Children, kiliitwa The Chew.

Kuna jambo jingine ambalo huenda Bibi hakuambiwa, na linauma kulisema. Watangazaji wa biashara walilipa kwa kuangalia hasa wanawake wa miaka 18 hadi 49. Bibi alipoketi saa saba mchana, mwaminifu kuliko wote, kwenye hesabu ile ya bei ya tangazo hakuwepo. Tena idadi ya watazamaji hupimwa kwa nyumba chache zilizoteuliwa na kampuni ya Nielsen. Kama nyumba yenu haikuwa mojawapo, ile wiki mliyozima TV kwa hasira haikuonekana popote. Barua zake mbili zilikuwa njia pekee aliyokuwa nayo ya kuhesabiwa, na alifanya vizuri kuziandika. Mashabiki wenzake walipobadili mlengwa wakaanza kuwasukuma watangazaji badala ya kituo, walipata angalau mmoja: kampuni ya mashine za kufagia, Hoover, ilitangaza hadharani kuondoa matangazo yake ABC kwa sababu ya uamuzi ule. Kituo hakikurudi nyuma, lakini kilisikia.

Je, basi kituo hakina lawama? Kina nyingi. Kiliihamisha tamthilia kutoka New York kwenda Los Angeles kuanzia mwanzo wa 2010 kwa hoja ya kubana matumizi, na si waigizaji wote waliokuwa na uwezo wa kuhamisha maisha. Mwaka 2009 walimwua Stuart Chandler, mtu mpole kuliko wote katika Pine Valley, mji wa tamthilia ile. Nina hakika unakumbuka sebule ilivyokuwa siku ile. Kila pigo la namna hiyo liliwaondoa watu, watu walipoondoka bajeti ikakatwa, bajeti ilipokatwa stori ikazidi kukonda. Bibi aliuona mzunguko huo kwa usahihi kabisa. Alichoongeza yeye ni nia. Mimi naona uzembe wa watu waliokuwa wanatazama takwimu za wiki, wakiwa wamepewa kitu kinachohitaji kutazamwa kwa miongo. Na kama lengo lilikuwa fedha, hata hilo halikuwaendea walivyotaka: kipindi kilichochukua nafasi ya One Life to Live, The Revolution, hakikutimiza hata miezi sita.

Sasa kanda.

Ule unga mweupe ni kuvu, au ukungu kama mnavyosema. Unakula uchafu na gundi inayoshikilia chembe za sumaku juu ya utepe. Jua halitaiua kuvu iliyo ndani ya mzingo. Litaupinda utepe na picha itaondoka nao. Ukiiingiza kwenye deki, vumbi lile linabaki kwenye vichwa vya deki na kuambukiza kila kanda inayofuata, na utepe ulioshikana unakatika. Usizifungue ndani ya chumba kilichofungwa, na usizipulize kwa mdomo. Hizo tatu zinahitaji mtu wa kuzishika kwa mkono: kanda inafunguliwa, utepe unasafishwa ukiwa mkavu, pole pole. Fundi wa kawaida asijaribu. Ulizia watu wanaotunza maktaba za kanda katika vituo vikongwe vya utangazaji, Dar es Salaam au Nairobi, na uende mwenyewe ukiwa nazo mkononi, usizitume kwa basi.

Zile kumi na moja ni rahisi zaidi, lakini kuna mtego. Marekani walirekodi kwa mfumo wa NTSC, na deki nyingi za kwetu ni za PAL. Ukiweka kwenye deki isiyosoma NTSC picha itakimbia juu chini, utadhani kanda imekufa, kumbe ni nzima. Wapo mafundi wanaohamisha kanda za harusi kwenda kwenye flashi. Swali lako la kwanza kwao liwe kama deki yao inacheza NTSC. La pili: mwombe ajaribu kwanza kanda yoyote isiyo na thamani, uone kama deki inatafuna. Tazama ubavu wa kanda za Bibi. Kama imeandikwa T-120, inabeba saa mbili kwa mwendo wa kawaida, lakini wapenzi wa tamthilia walirekodi kwa mwendo wa polepole, EP au SLP, ili saa sita ziingie. Mwendo huo hubana picha, hivyo usishangae nyuso zikififia kidogo, na mwambie fundi arekebishe usomaji taratibu.

Kabla hujatoka nyumbani, shika kila kanda uangalie ukingo wenye karatasi ya jina. Pembeni kuna kipande kidogo cha plastiki. Kama kimevunjwa, Bibi alikivunja ili mtu asirekodi juu yake. Kama kipo, kivunje wewe leo. Zihifadhi zikiwa zimesimama kama vitabu, chumba kikavu, mbali na spika kubwa. Na fundi asikate matangazo ya biashara; yaache yote, ndani yake mna tarehe na dunia ya siku ile.

Usitegemee kuiona 1973 humo. Deki za nyumbani za aina hii zilianza kuuzwa Marekani 1977, na vipindi vingi vya miaka ya mwanzo vilifutwa na kituo chenyewe ili kanda zitumike tena, kwa kuwa zilikuwa ghali. Hizi zako huenda ni za miaka ya 1980 na 1990. Kwa fedha hazitakupa kitu. Kuzihamisha ili utazame nyumbani kwako ni jambo lako. Kuzipandisha intaneti ni suala jingine, mali bado ina mwenyewe. Ukikuta humo kipindi unachodhani ni cha nadra, taasisi kama Paley Center for Media ya New York au hazina ya filamu ya chuo cha UCLA ndiko kwa kuuliza. Zaidi ya yote, piga picha maandishi ya Bibi kwenye kila jina kabla wino haujafifia.

Na risasi. Kipindi cha mwisho cha ABC, tarehe 23 Septemba 2011, kilikatika JR Chandler anapofyatua bunduki kwenye sherehe nyumbani kwa Chandler, na hatukuonyeshwa nani kaanguka. Kampuni ya Prospect Park ilikuwa imechukua haki za kuiendeleza kwenye intaneti, ndiyo maana stori iliachwa wazi namna ile. Ilichelewa mpaka tarehe 29 Aprili 2013, ikarekodiwa Stamford, Connecticut, na kuisha mwaka huo huo. Hapo ikaelezwa kwamba miaka mitano imepita, na kwamba aliyekufa usiku ule ni Marissa, aliyewahi kuwa mke wa JR. Erica hakuguswa. Susan Lucci hakurudi kumwigiza katika vipindi vile, lakini wahusika walimtaja kama mtu aliye hai, yuko mbali na Pine Valley.